Kwa Salma, Kuhusu Korongo Lenye Jina Langu

Mwanangu Salma, mama yangu,

Bismillahi. Nakuandikia leo Ijumaa baada ya alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi yako kule juu, nami nimekaa nje ya jiko, karatasi nimeiweka juu ya ndoo niliyoipindua. Hali yangu njema. Yako naijua, maana asubuhi yote nilikusikia ukiimba huku unakunja nguo. Anayeimba akifunga safari ana furaha, na mimi furaha yako siionei wivu. Mwenyezi Mungu aizidishe.

Barua hii mama yako atakupa kesho ukishakaa kwenye kiti cha basi, si kabla. Nimemuapisha. Kwa hiyo unaposoma hapa uko stendi ya Kondoa, begi lako limeshaingia buti, na bila shaka umeshaniulizia. Mimi sipo. Na sitaki mama yako akufichie kwa kusema mgongo umenishika. Mgongo wangu mzima. Sikuja kukusindikiza kwa sababu asubuhi hiihii unayosafiri, lori la mchanga linakuja kupasua njia ndani ya korongo letu, na mimi nitakuwa nimesimama katikati ya njia hiyo.

Tulia. Usishuke. Soma.

Mambo ya kufunga chumba, ya kutokopeshana simu, ya kula vizuri, mama yako ameshakwambia mpaka umechoka. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina swali lako moja ambalo sijalijibu, lile la Jumapili.

Unakumbuka vizuri. Baba yako mkubwa Hamisi alikuja na yule bwana mwenye lori, shati jeupe, viatu vya kuchongoka, akakaribishwa kiti kizuri. Ukawaandalia chai. Yule bwana akatazama bonde, akapumua kama mtu aliyeshiba, akasema, "Mzee Iddi, mto wenu umejaa mchanga safi wa kujengea. Mungu amewaletea mali mpaka mlangoni."

Nikamwambia, "Mali ikishafika mlangoni, ya nini kuiitia lori?"

"Iddi, usianze," kaka akasema.

"Sijaanza. Nauliza."

"Mdogo wangu huyu," kaka akamgeukia mgeni, "ukimwambia jua linachomoza, atauliza limemwomba nani ruhusa." Wakacheka. Kisha akakuita wewe. "Msomi, hebu tusaidie. Unakwenda Dodoma kusomea mipango ya ardhi. Mchanga huu ndio utakaokusomesha. Mwelimishe baba yako."

Na wewe, umeinama, birika mkononi, ukasema, "Baba, ni mchanga tu. Waache wauchukue. Kwani hapa kuna nini kingine?"

Kaka akapiga makofi. "Chuo hajakiingia, ameshafaulu!"

Nami nilicheka, mama, ili usifedheheke mbele ya mgeni. Lakini kicheko kile kilinikwama. Wiki nzima nimetembea nacho. Hapa kuna nini. Swali hilo nimekwenda nalo shambani, nimerudi nalo, mpaka msikitini limenifuata, Mungu anisamehe, imamu anasoma na mimi nahesabu vilima. Nikisema sikukasirika nitakuwa mwongo. Nilikasirika. Kisha nikajiuliza, nani wa kumjibu mtoto huyu kama si mimi? Tulikulea tukakufundisha kulima, kusali na kusalimia. Hatukukaa chini kukuonyesha unasimama juu ya nini. Kosa hilo ni langu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini kwa hili sihitaji ya nane.

Anza na mto. Wageni wanauita mto mkavu. Wewe unaujua: mvua ikinyesha vilimani unashuka mwekundu, unanguruma, unabeba magogo, na kesho yake watoto wanacheza mpira juu yake. Mchanga ule unaousema haukuzaliwa pale. Umeshuka. Kila punje ilikuwa shamba la mtu. Ule upande mpana, karibu na daraja, chini yake kuna shamba la mama yangu, Salma unayebeba jina lake. Alilima mtama pale. Mvua moja tu ya usiku, wakaamka, mtama umefunikwa mchanga, vichwa vya masuke vimechungulia kama watu wanaozama. Hakulia. Alikwenda akavuna vile vichwa vilivyochungulia.

Sasa utauliza, mchanga ulitoka wapi, na kwa nini. Baba yangu, babu yako, alinieleza hivi, naye alielezwa na babu yake.

Zamani vilima hivi vilikuwa msitu. Njia hii ya lami utakayopita kesho ilikuwa njia ya misafara. Watu wa pwani walikuja na nguo na shanga, wakafika kwenye chemchemi ya Kondoa, wakanywa, wengine wakatua mizigo wasiichukue tena, wakaoa hapahapa. Dini yetu ilitufikia pale, penye maji. Usilisahau hilo. Haikuja kwa upanga kwetu sisi; ilikuja na kiu, ikanyweshwa.

Wakaja wakoloni, mmoja akamfukuza mwenzake, na wakapigana vita yao kwenye mashamba yetu, nafaka zikaliwa na majeshi ya watu wasiotujua hata salamu. Ikawa mbung'o nao wanaleta malale kwa watu na kufyeka ng'ombe. Amri ikatoka: fyeka msitu, na watu wakae pamoja. Miti ikalala. Mbung'o wakapungua kweli, siwezi kubisha. Lakini watu na ng'ombe wakabanana vilimani, nyasi zikaisha, udongo ukabaki uchi. Na udongo uchi, mvua ikija, haukai kumsubiri mtu.

Kwa hiyo wanapokwambia huko darasani kwamba watu wa kwetu waliharibu ardhi yao kwa ujinga na ng'ombe wengi, nyoosha mkono. Kwa heshima, lakini nyoosha. Uliza ni nani aliyewapanga pale.

Mimi nimeukuta uchi huo. Nikiwa mdogo, vilima vilikuwa vyekundu kama kidonda, na makorongo yameshuka kila upande. Ndipo serikali ikasema mifugo yote itoke. Yote, Salma, mpaka mbuzi wa maziwa ya mtoto. Siku ile sitaisahau. Baba yako mkubwa Hamisi alikuwa kijana mkubwa, yeye ndiye aliyetangulia na ng'ombe wetu kuwapeleka nyikani kwa akina mjomba. Mama alifuata nyuma na kibuyu, akidhani labda njiani watakamuliwa mara ya mwisho. Mimi nilikaa kizingitini nasikiliza kengele za shingoni mpaka zikaisha. Hamisi alirudi peke yake, fimbo mkononi, hakuna cha kuchunga. Aliishika fimbo ile siku nyingi. Wengi wa wale ng'ombe hatukuwaona tena. Walikufa huko, wengine walipotea katika mikono ya watu.

Nakueleza hili umwelewe. Baba yako mkubwa si mtu mbaya. Kwake yeye vilima hivi vilimlia ng'ombe wake, na hajavisamehe. Akiona vinasombwa na lori, moyoni anasema, nanyi nendeni.

Watu walilia wakati ule, wengine walihama wasirudi. Nilimuuliza baba, "Sisi tumekosa nini?" Akaniambia, "Ardhi imelazwa hospitali. Mgonjwa halali na ng'ombe." Alisema hivyo na machozi yamemjaa, halafu akachukua jembe akaenda kuchimba matuta ya kuzuia maji, yeye aliyepoteza zizi zima, kabla ya waliokuwa hawana hata kuku. Sisemi ilikuwa haki. Mpaka leo sisemi. Nasema nyasi ziliota. Nilipokuwa darasa la nne zilinifika kiunoni, na makorongo mengine yalianza kujifunga yenyewe, yakatoa maji chini. Tulichokipata hatukukipata bure, na asije mtu wa viatu vya kuchongoka akaniambia Mungu ameniletea mali mlangoni. Mali hiyo ilitoka kwangu.

Sasa nifike kwenye korongo lenye jina langu.

Wewe umelikuta limeshatulia, una mazoea ya kukata miwa ndani yake. Unajua linavyoitwa, na unajua ni utani. Ila utani huo ulianzaje, watu wanakuchekesha tu, hawakwambii sawasawa.

Mifugo iliporudi kidogo kidogo, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemwoa mama yako. Kijana, nguvu tele, akili iko likizo. Shamba letu la mahindi lilikuwa juu, nyumba chini. Njia ya baba ilizunguka kilima kama mtu anayekwenda kumsalimia mkwe, polepole, kwa adabu, kando ya matuta aliyoyachimba. Mimi niliona inanichelewesha. Nikaazima ng'ombe wawili, nikafunga gogo lenye panda, nikapanga magunia juu yake, nikaburuta kutoka juu mpaka chini moja kwa moja, nikakata matuta yote ya mzee kwa katikati.

Baba alikuwa ameketi anasuka kamba. "Iddi, zunguka."

"Baba, nizunguke mpaka lini? Mahindi yale pale, nyumba hii hapa."

Hakuinua uso. "Maji nayo yatauliza hivyohivyo."

Nilimcheka, Salma. Nikamwambia mama yako, mzee anazungumza na maji. Mavuno yale niliyaingiza ndani haraka kuliko mtu yeyote kijijini, nikajisifu.

Mvua ya kwanza ilifuata alama ya gogo langu. Ikachimba kifereji cha kuingiza kiganja. Nikasema si kitu. Mvua zilizofuata, kikawa cha kuingia mtoto. Kisha mbuzi wa jirani akatumbukia akavunjika mguu. Kisha, limeshakuwa korongo, likala jiko la mama yako, jiko alilolijenga mwenyewe kwa mikono, usiku mmoja, na sufuria zake zikakutwa kule darajani. Udongo mwekundu ukaziba matundu ya daraja, magari yakasimama barabarani, makonda wakashuka wakauliza, "Hili korongo la nani?" Wakaambiwa. Basi, likawa hilo. Mpaka leo konda anagonga bodi pale: "Korongo la Iddi! Kuna wa kushuka?"

Jirani yetu Ramadhani, yule mwenye mbuzi, hakuniacha hata msibani. "Iddi, korongo lako limebalehe. Litafutie mchumba kabla halijatoroka na nyumba."

Ningekuwa mtu mzima ningechukua jembe. Nilichukua begi. Nilimwambia mama yako nakwenda Dodoma kutafuta, lakini ukweli nilikuwa nakimbia shimo. Shimo nikawaachia mzee na mwanamke.

Na kazi niliyoipata, kama Mungu anavyojua kufundisha, ilikuwa kupakia mchanga.

Tulikuwa kundi la vijana, koleo mkononi, mto mmoja nje ya mji. Mji ulikuwa unajengwa, malori yanapishana. Nilikuwa hodari, nilisifiwa nikapenda. Mwanamke mmoja alikuja na ndoo kila siku kuchota kwenye kisima chake cha mchangani, na kila siku alikikuta tumekisogelea zaidi. Siku moja alifika, kisima hakipo, sisi tumesimama ndani yake. Akatazama. Akaniletea ndoo mimi, sijui kwa nini mimi. "Haya, bwana mchanga. Nipakie na mimi basi. Nikampikie mume wangu."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilicheka nao. Lakini nilishuka shimoni nikachimba kwa ajili yake, na chini ya mchanga nikakuta udongo wa mfinyanzi, mgumu kama sakafu, mkavu. Nilichimba tena kando. Mkavu. Nikamrudishia ndoo tupu. Akaipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokewa zawadi, akaondoka. Hakurudi tena, na nilijua amekwenda kutafuta maji mbali, na mbali hiyo mimi ndiye niliyemwongezea.

Hapo ndipo nilipoujua mto wetu, Salma, nikiwa kwenye mto wa watu. Mchanga ndio mtungi. Mvua inapita siku chache, lakini mchanga unayanywa maji, unayakinga na jua, unayatunza mpaka mwezi wa kumi na moja. Ukiuondoa mchanga haubaki mto wenye nafasi kubwa ya maji. Unabaki mtungi uliovunjwa.

Nilirudi nyumbani. Nilifika mchana, nikamkuta baba ndani ya korongo, peke yake, mzee yule, anapanga mawe kuvuka kutoka ukingo huu mpaka ule. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Akaniona, akasema, "Umerudi? Shika jiwe hilo upande wa pili, ni zito."

Ndiyo radhi niliyoipata. Sijapata kubwa kuliko hiyo.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilibeba mawe yote, ikachukua na jembe. Tukapanga upya, chini zaidi. Nyuma ya mawe tukapanda matete, kando tukaweka makonge, juu kabisa minyaa. Ramadhani alipita akasema, "Mnajenga msikiti au mnamfungia mkwe mlango?" Mwaka mwingine mawe yakashika. Udongo ukaanza kujikusanya nyuma yake, kidogo, kama mtoto anayekataa kula kisha anakubali. Mama yangu akafariki, ukazaliwa wewe tukakupa jina lake, na ulijifunza kutembea mlemle ndani, maana palikuwa pamepata sakafu. Tukapanda migomba. Tukapanda miwa. Ramadhani huyohuyo alikuja kuomba vipandikizi vya matete vya kupanda kwenye korongo lake. Nilimpa, lakini nilimuuliza kwanza kama limebalehe.

Kuna siku ulikuwa mdogo, nimekuchukua mtoni kiangazi. Nimefukua kwa mikono, maji yakaanza kujaa taratibu mle shimoni, meupe kisha masafi. Ukaniuliza kwa kunong'ona, "Baba, maji yalikuwa yamelala?" Nikakwambia ndiyo. Ukamkataza mama yako kugonga ndoo. "Mama, polepole, yataamka yakimbie." Ulikuwa unajua, mwanangu, kabla hujaanza shule. Ningemuuliza yule mtoto hapa kuna nini, angenijibu.

Sasa kwa nini lori linataka kupita ndani ya korongo? Kwa sababu kingo za mto kila mahali zimesimama wima, na pale kwetu tu pameinama vizuri, pamejaa, pamelala kama kitanda. Tumelinenepesha wenyewe, ndiyo maana wanataka kulichinja. Wakishusha lori pale watang'oa migomba, watavunja mawe ya baba, na mvua ya kwanza itafuata tairi kama ilivyofuata gogo langu. Halafu korongo litakula mtungi. Nimeshaiona hadithi hii mpaka mwisho. Niliianza mimi.

Mwenyekiti wa kitongoji anasema tumalizane kifamilia, yeye hana neno. Kaka anasema ardhi ni ya baba yetu sote. Kweli. Ila tulipogawana, yeye alichagua upande wa barabarani, akasema korongo abaki nalo mwenye jina lake, na watu wote walicheka, na wote wanakumbuka. Jana alinipitia. "Lori linakuja kesho kutwa asubuhi, Iddi. Utalizuia na nini?"

"Na mwili wangu."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mwili wenyewe ndio huu?"

Hata mimi nilicheka, wallahi. Lakini sikubadili neno.

Sitabeba panga. Mama yako asiwe na wasiwasi, na wewe pia. Kaka yangu ni kaka yangu, na asubuhi nitamwamkia shikamoo kama kawaida. Nitakwenda na jembe na mzigo wa vipandikizi vya matete. Nitapanda palepale tairi linapotaka kupita. Na wakati wa dhuha ukifika nitatandika msala katikati ya korongo niswali, na sijamwona bado dereva wa hapa kwetu anayempita mtu yuko sijida. Na kama maji yangekosekana nisingesita: baba alinifundisha kutayamamu kwa udongo huuhuu, mwaka wa ukame, akapiga viganja chini akajipaka usoni akasema, umeona, hata tukikosa kila kitu tunao wa kututakasa. Hiyo ardhi siwezi kuiita mchanga tu.

Wanaweza kunishinda. Nalijua hilo, mimi si mtoto. Wanaweza kuja na lori jingine siku nyingine, au na karatasi yenye mhuri. Basi watanishinda nikiwa nimesimama, na siku ya pili watanikuta nimesimama tena. Nimeshashindwa na mvua mara nyingi kuliko watakavyoweza wao, na mvua haikunichosha.

Wewe nenda. Nasema nenda kwa moyo wote. Sikuandika haya urudi ukae ulinde migomba. Kasome hiyo mipango mpaka uimalize. Watakupa ramani. Kwenye ramani mto wetu utaukuta ni mstari wa nukta nukta, nimeuona ofisi ya kata. Nukta maana yake hauna maji, ndivyo alivyonieleza yule kijana. Ukikutana na mstari wa nukta wa watu wengine, usipitishe barabara juu yake kabla hujashuka kwenye gari ukauliza wanawake wa pale: mwezi wa kumi mnachota wapi? Uulize mwenyewe, na uonyeshwe kwa kidole. Mimi niliuliza nikiwa nimesimama ndani ya kisima cha mtu.

Na kuna jambo dogo ambalo limeniuma kuliko la mchanga. Mwezi uliopita tulirudi pamoja kutoka Kondoa. Konda akauliza, nawe ukajibu kwa sauti ndogo, "Darajani." Kulikuwa na vijana wenzako kwenye gari. Nilisikia, nikashuka nyuma yako. Mama, jina lile walinipa kunicheka. Lakini nimelifanyia kazi jina hilo maisha yangu yote, jiwe kwa jiwe, mpaka limeota miwa. Sasa ni langu kwa haki. Siliachii lori, na sitaki wewe uliachie aibu.

Jua linashuka, muadhini anakohoa anajiandaa, na nasikia sauti yenu njiani mnacheka na mama yako. Naikunja barua.

Basi likitoka stendi, kaa upande wa kushoto. Likikaribia daraja, tazama. Ukiona lori limesimama, ujue ni mimi niliyelisimamisha. Ukiona linaingia, tazama vizuri zaidi, nitakuwa bado nipo mbele yake. Nitavaa kanzu nyeupe ya Idi ili unione. Usipotaka kupunga mkono mbele ya watu, usipunge. Tazama tu.

Na likizo ukirudi, inshallah, konda akigonga bodi, usiseme darajani. Sema kwa sauti, gari zima lisikie, wenye viatu vya kuchongoka nao wasikie: "Korongo la Iddi, shusha!"

Nitakuwepo hapo kukupokea begi.

Baba yako,
Iddi